Matundu ya Nyuma ya Amplifaya

Amplifaya ya baba ni ya Kijapani, ya miaka ya 1980, na ina uzito wa debe la mahindi. Imekaa sebuleni kwetu Eldoret tangu kabla sijazaliwa. Ukitaka kujua historia yake, usiangalie mbele kwenye taa na kitufe cha kuzungusha sauti. Igeuze. Nyuma kuna matundu ya duara, mekundu na meupe, kila jozi na jina lake: PHONO, TUNER, AUX, TAPE IN, TAPE OUT. Kila jina ni mashine ambayo wakati fulani iliingia nyumbani kama kitu kipya.

Desemba iliyopita niliamua mgeni mpya atakuwa laptopu yangu. Spika zake, tuseme tu ukweli, ni nzi ndani ya chupa. Nikanunua waya mjini: upande mmoja plagi ya milimita 3.5, ile ya hedifoni, upande wa pili plagi mbili, nyekundu na nyeupe. Nikadhani ni kazi ya dakika mbili.

Kumbe huo waya ni mzee kuliko baba. Ile plagi ndogo ni mjukuu wa plagi kubwa za karne ya 19, zilizotumiwa na wahudumu wa simu waliounganisha wapigaji kwa mkono. Zile za rangi huitwa RCA kwa sababu kampuni ya Radio Corporation of America ilizileta miaka ya 1930, ili kicheza santuri kiunganishwe na redio. Yaani zilibuniwa kwa shida ileile yangu: una mashine ya zamani yenye sauti nzuri, una chanzo kipya cha muziki, na unataka viongee.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchomeka kwenye PHONO. Jina lilinikumbusha simu, basi. Spika zikanguruma kama matatu iliyotoboka ekzosi.

"Wewe! Hapo ni pa santuri!" Baba akaniita kutoka jikoni.

Alikuwa sahihi. Sindano ya kicheza santuri hutoa umeme kidogo sana, milivolti chache tu, kwa hivyo tundu la PHONO huukuza mara nyingi kwanza. Laptopu inaweza kutoa karibu volti nzima. Tena, wakati wa kutengeneza santuri, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi. PHONO hurudisha vitu mahali pake. Ukiipa muziki wa kompyuta, ambao haukupunguzwa chochote, unapata besi juu ya besi. Mahali pa kompyuta ni AUX.

Nikahamia AUX. Sauti safi, lakini na mvumo wa chinichini usiokatika. Nikachomoa chaja ya laptopu, ukaisha papo hapo. Kelele za umeme wa chaja zilikuwa zinapita kwenye waya uleule unaobeba muziki, na amplifaya haibagui, hukuza vyote. Nikapandisha sauti ya laptopu karibu na mwisho, nikaachia kitufe cha amplifaya kazi iliyobaki. Sasa iko fiti.

Kumfurahisha Baba, nikaweka wimbo wa Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, niliokuwa nimeupakua mtandaoni. Akasikiliza ubeti mmoja, akatikisa kichwa.

"Huyu ni Kipchamba, lakini wimbo wenyewe hauko. Gita la besi liko wapi?"

Niliumia kidogo. Halafu nikasikiliza vizuri. Gita la juu lilisikika kama linapigwa ndani ya ndoo, na besi haikuwepo kabisa. Kwenye laptopu sikuwahi kugundua, kwa sababu spika zake hazina besi ya kukosa. Amplifaya ya baba ndiyo iliyosema ukweli.

Ukweli huo una historia. Muziki wa Bonde la Ufa ulitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Duka na studio ya Chandarana, Kericho, ilirekodi wanamuziki wengi wa pande hizi na wa Nyanza. Kisha kaseti zikaja, nyepesi, rahisi, na mtu yeyote mwenye deki mbili akawa kiwanda. Kaseti ilinakiliwa kutoka santuri, kaseti nyingine kutoka kaseti hiyo, na kila mara mvumo ukaongezeka na kitu kikapungua. Miaka ya MP3 ilipofika, mtu akachukua mjukuu wa kaseti akambana tena. Dakika moja ya muziki kwa kipimo cha CD ni takriban megabaiti 10. Kwa MP3 ya kilobiti 128 ni megabaiti moja hivi. Tulipata nyimbo elfu mfukoni, na hakuna aliyetuambia tumezilipia kwa nini.

Hali ingeweza kuwa tofauti, na ushahidi hauko mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemjua kupitia gramafoni. Kanda zilihifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha Bonde la Ufa zikiwa zimehamishiwa kwenye kompyuta. Wimbo huo bado unasikika vizuri, kwa sababu mtu aliitunza kanda ya kwanza, akanakili kutoka hiyo, si kutoka kwa mjukuu wake.

Hapo ndipo nilipoliangalia tundu la mwisho: TAPE OUT. Siku zote nilifikiria waya wa kuingiza muziki kwenye amplifaya. Hili linautoa.

Baba ana sanduku la santuri chini ya kitanda. Kicheza santuri kilikufa sindano miaka ya tisini, kaseti zikachukua nafasi, na hakuna aliyejisumbua. Niliagiza sindano mpya. Laptopu yangu haina tundu la kupokea sauti kutoka kwa amplifaya, kwa hivyo nikanunua kidude cha USB cha kufanya hivyo. Kicheza santuri kikaingia PHONO, TAPE OUT ikaingia kwenye kidude, nami nikarekodi kwa WAV, bila kubana chochote. Tulianza na Kipchamba uleule.

Santuri ina mikwaruzo, inakaanga kama mandazi. Lakini besi ipo. Inatembea chini ya sauti yake kwa utulivu, kama mtu anayejua njia ya nyumbani. Baba hakusema neno. Wimbo ulipoisha alienda kuleta santuri nyingine, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

Tumefanya nane. Kwenye sanduku zimebaki 22, na mbili kati yake zimepinda. Nimeandika majina yote kwenye daftari, pamoja na namba zilizochapwa kwenye lebo, na nimeweka nakala nyumbani kwa dada yangu pia. Kama una mzazi mwenye sanduku kama hilo, muulize wikendi hii.