Utuaji wa Seli, Si Uhamiaji

Rasimu ya istilahi za biolojia iliyonifikia majuzi inataka safari ya seli ndani ya kiinitete iitwe "uhamiaji wa seli", basi. Pendekezo langu, "utuaji", lilirudishwa na maelezo ya mstari mmoja: eti ni neno la washairi. Sikubali, na sababu zangu naziweka hadharani.

Hama ni kuondoka. Hamia ni kuondoka kuelekea mahali. Watetezi wa rasimu wanaiegemea kauli hiyo ya kutendea kana kwamba imemaliza kazi. Haijamaliza. Aliyehamia leo aweza kuhama kesho, tena na tena, na bado tukasema amehamia. Tua, kwa upande wake, lina kikomo ndani yake. Mpagazi hutwikwa mzigo, akifika akautua. Ndege hutua, jua hutua. Ile L ya kale iliyomezwa katika tua huzuka tena katika tulia, tuliza na utulivu, kama inavyozuka katika chukulia kutoka chukua. Shina hilohilo limetupa kituo, likatupa na tuo. Kufika, kusimama na kutulia, yote yamo katika silabi chache ambazo mtoto wa shule anazijua. Kama washairi wamelipenda, hiyo ni sifa ya neno, si dosari.

Anayedhani huu ni ubishi wa maneno matupu amtazame samaki pundamilia. Seli zake changa za uzazi hutokea mbali na gonadi, katika makundi manne, na siku ya kwanza ya uhai wa kiinitete ikiisha nyingi huwa zimefika. Tishu za njiani hutoa kemokini iitwayo Cxcl12, nazo seli huipokea kwa kipokezi cha Cxcr4. Hutambaa, husita, hujielekeza upya, kisha huendelea. Kipokezi hicho kikiharibika, seli haziachi kwenda. Huenda ovyo, zikatawanyika mwilini na kuishia pasipo pao. Mwaka 2003 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walieleza kasoro ya namna hiyo katika jeni waliyoiita odysseus, jina la yule Mgiriki wa hadithi aliyetangatanga miaka kumi akitafuta kwao. Katika samaki huyo mwendo upo. Kilichokosekana ni utuaji, na rasimu haina neno la kukitaja.

Matumizi hayana taabu: seli hutua, mahali pake ni kituo, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Hirschsprung, ambaye seli za neva hazikufika mwisho wa utumbo mpana hata choo kikakwama, daktari atasema utuaji haukukamilika.

Uhamaji tuubakishe kwa mwendo wenyewe, maana nao unahitaji jina. Lakini kamati inayolikataa utuaji inadaiwa neno jingine la kufika na kukaa, pamoja na unyambulishaji wake, na mpaka sasa haijalitoa.