Mtoto Amekosa Nini?

Asubuhi moja, katika kitongoji kilicho nje kidogo ya mji wa Malindi, nilifuatana na kijana aliyekuwa akijaza dodoso nyumba kwa nyumba. Tulikaribishwa mkekani chini ya mkorosho. Kijana akafungua simu yake, akasoma swali kama lilivyoandikwa: "Mama, kati ya hivi nitakavyokutajia, mtoto wako amekosa nini?" Mama akamtazama mwanawe wa miaka saba aliyekuwa akichezea kifuu pale ukumbini, kisha akajibu kwa sauti ya kumtetea: "Hajakosa kitu, mwanangu. Huyu ni mtoto mzuri, muulize hata mwalimu wake."

Kijana akagonga "hapana" kwenye kila mstari, tukaaga, tukaondoka. Mtoto yule alikuwa peku. Maji ya nyumba nzima yalikuwa mtungi mmoja wa lita 20 ulionunuliwa kwa mwenye mkokoteni, na choo walikuwa wakiazima kwa jirani. Lakini ndani ya simu ile alikwisha kuandikwa kuwa mtoto asiye na shida yoyote.

Mama hakudanganya na kijana hakuzembea. Kosa lilikuwa katika neno. Aliyetafsiri dodoso alichukua kitenzi "kukosa" kwa maana ya kutopata, na mama akakisikia kwa maana ya kutenda baya. Maana zote mbili ni sahihi, na ile ya pili ndiyo inayomjia haraka mzazi anapoulizwa na mgeni habari za mwanawe. Kwa hiyo neno hili linastahili kukaliwa kitako, kwa sababu juu yake husimama hesabu ya watoto maskini, na juu ya hesabu hiyo husimama maamuzi ya nani apelekewe nini.

Neno la Kiingereza lililozaa swali lile ni "deprivation". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, privare, chenye maana ya kumpokonya mtu kitu au kumtenga nacho. Katika elimu ya umaskini lilipata uzito mkubwa mwaka 1979, pale mwanasosholojia Peter Townsend alipochapisha utafiti wake kuhusu Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini si yule tu anayekaribia kufa njaa. Ni yule ambaye hawezi kula, kuishi na kushiriki mambo kama ilivyo kawaida ya jamii yake. Kwa hiyo umaskini ukawa jambo la kuorodheshwa: chakula kipo au hakipo, nyumba inavuja au haivuji, mtoto anaweza kumwalika mwenzake au hawezi.

Je, kwa Kiswahili tuuite nini? Neno linalotumika zaidi ni "ukosefu". Ni jepesi na kila mtu analijua, lakini tumeona lilivyotuponza. Mzizi wake ni uleule wa "kosa", na "mkosefu" ni mtu mwenye hatia. Tukisema mtoto ana ukosefu, aibu humwangukia yeye na mzazi wake.

Wengine huandika "upungufu". Hili lafaa kwa vitu vinavyopimwa kwa kujaa na kupungua, kama tunavyosema upungufu wa damu au wa vitamini. Lakini wingi wake, "mapungufu", siku hizi humaanisha kasoro za mtu, na kwa hiyo tunarudi palepale. Kuna "uhitaji", neno lenye huruma, linaloendana na sadaka na mwezi wa Ramadhani. Sadaka ni jambo tukufu, ila humweka mtoto katika hali ya kungoja moyo wa mtoaji. Kuna na "dhiki", neno zito linalogusa maumivu yenyewe. Tatizo lake ni kwamba dhiki haihesabiki: huwezi kusema mtoto huyu ana dhiki tatu na yule ana tano.

Nalichagua "unyimwaji". Limejengwa juu ya "nyimwa", kauli ya kutendwa ya "nyima", kama "unyanyaswaji" lilivyojengwa juu ya "nyanyaswa". Sifa yake kubwa ni kwamba halikamiliki bila maswali mawili. Aliyenyimwa, amenyimwa nini? Na amenyimwa na nani? "Ukosefu" hauulizi swali la pili kamwe.

Kuna watakaosema neno hili linalaumu mno. Mvua isiponyesha Ganze, sehemu kame ya Kaunti ya Kilifi, nani kamnyima nani? Ni swali la haki. Jibu lake lilikwisha kutolewa na mwanauchumi Amartya Sen mwaka 1981, alipochambua njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943 akaonyesha kuwa watu walikufa wakati chakula kilikuwepo. Kilichowapotea ni njia ya kukifikia. Mvua ni ya Mungu, lakini bwawa, bomba na ghala ni kazi za watu. Maji yanayovutwa Baricho, kando ya Mto Sabaki, husukumwa hadi Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Mtoto aliyezaliwa mahali ambapo bomba kuu linapita, akakua akibeba mtungi kichwani, hatuwezi kusema ni ukame tu uliomfikia.

Zaidi ya hayo, kwa Kenya jambo hili limekwisha kuamuliwa na sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi isiyolipiwa, lishe, makazi na matibabu. Ibara ya 43 inaongeza haki ya maji safi ya kutosha. Mtu akiwa na haki ya kitu na kitu hicho hakipati, Kiswahili kina neno moja tu la kweli kwa hali yake: amenyimwa.

Sasa tuone neno hili linavyofanya kazi katika hesabu. Kwa miaka mingi umaskini ulipimwa kwa pesa peke yake. Katika utafiti wa kaya wa Kenya wa 2015/16, mstari wa umaskini uliwekwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi mashambani, na shilingi 5,995 mijini. Aliyekuwa chini ya mstari huo alihesabiwa kuwa maskini. Kwa kipimo hicho, Wakenya asilimia 36 hivi walikuwa maskini, na katika Kaunti ya Kilifi ilikuwa karibu asilimia 46.

Kipimo cha pesa kina manufaa yake, ila hakiingii ndani ya nyumba. Hakioni kama mtoto amechanjwa. Wala hakijui pesa imeingiaje. Mwaka 2006, UNICEF na serikali ya Kenya walitoa utafiti uliokadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000, katika wilaya za pwani za Malindi, Mombasa, Kilifi na Kwale, walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono. Kwa kipimo cha shilingi, nyumba iliyoletewa pesa hizo ingeweza kupanda juu ya mstari. Kwa kipimo cha unyimwaji, ndani yake mlikuwa na mtoto aliyenyimwa ulinzi, afya na mara nyingi shule. Hesabu isiyomwona mtoto huyo haijakamilika.

Ndiyo maana mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walianza kutumia kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichojengwa juu ya mbinu ya Sabina Alkire na James Foster. Nyanja zake ni tatu: afya, elimu na hali ya maisha. Ndani yake kuna viashiria kumi, kuanzia lishe na mahudhurio ya shule hadi choo, maji na fueli ya kupikia. Kila kiashiria kina uzito wake. Mtu anayenyimwa theluthi moja au zaidi ya uzito wote huhesabiwa kuwa maskini. Mpaka huo naomba tuuite "kizingiti", kwa kuwa tayari tunalo neno hilo mlangoni mwa kila nyumba: ukishakivuka, umo ndani.

Kisha hupimwa mambo mawili: upana na kina. Wavuvi wa Malindi hawatahitaji kufafanuliwa. Upana ni watoto wangapi wamezama, kina ni wamezama kiasi gani. Tuseme kijiji kina watoto 100, na 40 kati yao wamevuka kizingiti. Ikiwa kwa wastani hao 40 wananyimwa nusu ya vitu vyote vinavyopimwa, tunazidisha 0.4 kwa 0.5 na kupata 0.2. Mwaka ujao wakijengewa kisima, huenda watoto wakabaki 40 walewale, lakini kina kikapungua. Kipimo cha kuhesabu vichwa tu kingesema kazi imekuwa bure. Kipimo cha kina kinasema maji yamefika, sasa leteni choo.

Kwa watoto, UNICEF imeongeza sharti la umri. Mtoto wa miezi sita hanyimwi shule. Hunyimwa chanjo na maziwa ya mama. Wa miaka kumi hunyimwa darasa. Halafu huangaliwa jinsi unyimwaji unavyolundikana juu ya mtoto mmoja, maana kunyimwa maji ni jambo moja, na kunyimwa maji, choo na lishe kwa pamoja ni jambo jingine: maji machafu humharisha, kuhara humwondolea kile kidogo alichokula. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilipotumia vipimo vya aina hii katika ripoti ya mwaka 2020, kwa takwimu zilezile za 2015/16, Wakenya waliohesabiwa kuwa maskini walifika asilimia 53. Watu ni walewale na mwaka ni uleule. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa juu yao.

Kuna anayeweza kuuliza kama kuhesabu kumewahi kumwokoa mtoto. Pwani ya Kilifi ina jibu lake. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza kipo mjini Kilifi tangu mwaka 1989. Majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa yaliyofanyika huko kati ya 1993 na 1995 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja. Mwaka 2000 ikaanzishwa sajili ya wakazi katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi, na baada ya miaka kumi hivi ilikuwa na watu wapatao 260,000. Wafanyakazi wake hupita nyumba kwa nyumba wakiandika aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Mtoto akilazwa, rekodi ya wodini huunganishwa na nyumba anakotoka. Chanjo ya nimonia ilipoingizwa nchini mwaka 2011, sajili hiyo ndiyo iliyoonyesha kuwa maradhi makali ya vijidudu vinavyolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mafanikio hayo hayakuletwa na kompyuta peke yake. Watu walikuwa na hofu, na minong'ono ya mumiani haikukosekana. Ilibidi wakazi wachague wawakilishi wao wa kuketi na watafiti, kuuliza na kujibiwa. Kwa sababu hiyo siafiki msemo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, "ushirikiano unaoendeshwa na data". Data haiendeshi kitu. Tuseme "ushirikiano unaoongozwa na takwimu", kama nahodha anavyoongozwa na dira huku sukani ikibaki mkononi mwake.

Na ushirikiano wenyewe una pengo la kuzibwa. Kwa mujibu wa Katiba, chekechea, zahanati na maji ni majukumu ya kaunti, na shule ya msingi ni ya serikali kuu. Mtoto wa Kisumu Ndogo au Muyeye, mitaa ya Malindi, anapotoka chekechea kuingia darasa la kwanza, anahama kutoka serikali moja kwenda nyingine, na rekodi zake huenda zisimfuate. Mwalimu anajua asiyehudhuria, mhudumu wa afya ya jamii anajua asiyechanjwa, chifu anajua nyumba iliyofiwa. Kila ofisi ina kipande cha mtoto, na hakuna yenye mtoto mzima. Pengo kama hili lina mfano wa kuzibwa: mjini Cincinnati, Marekani, mwaka 2006 shule, ofisi za umma na wafadhili walikubaliana kufuatilia viashiria vilevile tangu utotoni hadi ajira. Sisi tulikwisha kusema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Kilichobaki ni mikono hiyo kukubaliana inahesabu nini, na kuhesabu kwa siri na heshima inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, maana jina la mtoto si la kutembezwa.

Basi pendekezo langu ni hili. "Ukosefu" libaki kwa kitu kisichokuwepo: ukosefu wa maji, ukosefu wa dawa. "Unyimwaji" litumike kwa istilahi yenyewe, pale tunapohesabu haki ambazo mtoto hakuzipata. Na katika dodoso, mbele ya mzazi, tusitumie nomino hata moja. Tuulize kwa sentensi ya kawaida.

Kijana yule alikubali. Siku chache baadaye tulirudi chini ya mkorosho, akauliza upya: "Mama, ni vitu gani mtoto huyu anastahili kupata lakini hapati?" Mama hakumtetea mtu safari hii. Alikunja kidole kimoja kimoja: maji, choo, viatu, kitabu cha kusomea, uji wa asubuhi. Alipofika kidole cha tano alinyamaza, akatutazama sote wawili. "Haya uliyoandika," akauliza, "utampelekea nani?"

Dodoso halikuwa na nafasi ya swali hilo. Kijana alishuka hadi kwenye sehemu ya maoni, akaliandika pale neno kwa neno.