Dracula Kafufuliwa na Nani?

Wenzetu wengi hudai katuni za mashujaa na mizuka si fasihi, eti ni za kupotezea muda. Nionavyo mimi, tusihukumu haraka. Hebu tutazame The Tomb of Dracula, iliyotolewa na Marvel huko Marekani toleo kwa toleo kuanzia 1972 hadi 1979, na ambayo leo twaisoma imekusanywa katika majuzuu manene.

Kwa nini 1972? Mwaka 1954, baada ya kamati ya Seneti kuwahoji, wachapishaji walijiwekea kanuni iliyopiga marufuku wanyonya damu na maiti watembeao. Kanuni ikalegezwa 1971, na Dracula akafufuka. Kumbe aliyemfungia kaburini muda wote ule alikuwa karani mwenye muhuri! Toleo la 10, la 1973, likamleta Blade, mwindaji mweusi. Naye pia ni zao la kulegea kule.

Sasa, juzuu huyapanga matoleo kama sura za riwaya. Msomaji akikuta muhtasari uleule umerudiwa kila mara, huona kasoro ya fani. Si kasoro. Ilikuwa njia ya kumkaribisha mtu aliyenunua toleo lile tu. Tena mara nyingi barua za wasomaji na matangazo huachwa nje.

Basi, mhakiki wa juzuu aanze na tarehe ya kila toleo. Asipofanya hivyo, atamsifu au kumlaumu mwandishi kwa mambo yaliyoamuliwa na kanuni na soko.