Lugha ya Kujadili Habari: Wanafunzi, Magazeti na Somo la Siasa, kutoka Tanga hadi Mkolani

Mkolani ni kata iliyoko kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, baada ya kupita Butimba na Nyegezi na kabla ya kufika Buhongwa. Mwanafunzi wa sekondari anayekulia hapo hupokea habari za nchi na za dunia kwa njia iliyozoeleka. Nyumbani wazee huzungumza Kisukuma. Redio husema Kiswahili. Magazeti yanayotundikwa kibandani yameandikwa kwa Kiswahili, na wengi huvisoma vichwa vyake wakiwa wamesimama, bila kununua. Kisha mwanafunzi huyo huingia darasani, na humo habari zilezile hutakiwa azijadili kwa Kiingereza. Mhadhara huu unachunguza jinsi hali hiyo ilivyozuka. Hoja yake ni kwamba mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba badiliko lilifanyika katika wakati ambao lilikuwa na madhara makubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Uhusiano wa mwanafunzi, habari na Kiswahili ni wa zamani kuliko dola ya Tanzania. Gazeti la Msimulizi, lililoanza kutolewa na wamisionari wa UMCA huko Kiungani, Unguja, mwaka 1888, lilitegemea sana habari zilizoletwa na walimu na wanafunzi Waafrika wa misheni hiyo. Mwaka 1904 likaanzishwa Kiongozi katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga, likapigwa chapa papo hapo shuleni. Vijana waliohitimu Tanga walipelekwa bara kuwa walimu na makarani, na kutoka huko waliandika kueleza mvua, bei, magonjwa, safari za wakubwa na vita. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba kijana wa shule alikuwa msomaji tu wa habari. Katika kurasa za mwanzo kabisa za uandishi wa habari wa Kiswahili yeye ndiye mtoa habari.

Hata hivyo alitoa habari ndani ya mipaka. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Kiongozi liliviandika kwa jicho la serikali iliyolimiliki. Hali haikuwa tofauti sana kwa Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza lililoanza Januari 1923. Gazeti hilo lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wasiojua kusoma, likawapa wasomaji wake mtindo wa kuandika barua, kubishana kwa heshima na kutunga mashairi ya kujibizana. Mtindo huo ulisaidia kwa kiasi kikubwa kuieneza lugha sanifu kabla na baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930. Lakini mjadala wa kuupinga utawala haukuwa na mahali ndani yake. Lugha ilikuwapo, ruhusa haikuwapo. Jambo hili litajirudia.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Rais Nyerere aliupunguza mshahara wake mwenyewe, na miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, likafuatiwa mwezi Machi na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwanza ilihusika moja kwa moja na mwaka huo: mwezi Oktoba Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi mjini humo, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano wa TANU. Vijana wa shule waliokuwa kandokando ya barabara hawakuhitaji kitabu cha kiada ili kujua nini kilikuwa kinatokea nchini.

Ni katika mazingira hayo ambapo somo la Siasa lilijijengea nafasi yake shuleni. Wanaisimu wamelizungumzia somo hili kwa nadra, na hilo ni kosa. Katika shule za sekondari, ambako hesabu, jiografia, historia na sayansi zote zilifundishwa kwa Kiingereza, Siasa ilifundishwa kwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, mambo ya nchi yalipotakiwa kujadiliwa darasani, dola yenyewe ilikubali kwamba lugha ya kuyajadilia ni Kiswahili. Msamiati ulikuja kwa wingi: ubepari, ukabaila, ubwanyenye, unyonyaji, mirija, kupe, ukoloni mamboleo. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa ya kale yaliyopewa kazi mpya. Kupe alitoka zizini, na hakuna mtoto wa mfugaji wa Usukuma aliyehitaji kufafanuliwa kupe hufanya nini. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipowafikia watu wa ziwa, hata ndege ya Libya ikaangusha mabomu Mwanza, neno nduli lilitoka redioni likaingia midomoni mwa watoto kwa siku chache tu.

Kasoro ya Siasa inajulikana. Majibu yalikuwa yameshaandikwa kabla ya maswali. Mwanafunzi aliyeyapanga maneno ya chama kwa utaratibu wake alipata alama, na aliyeuliza kwa nini duka la ushirika halina sabuni aliuliza nje ya darasa. Lakini aliuliza kwa lugha ileile. Kati ya darasa na kibaraza hapakuwa na ukuta wa lugha, na mwalimu aliyetaka kuyasikia mawazo halisi ya wanafunzi wake aliweza kuyasikia.

Utafiti wa Penina Mlama na May Matteru, uliofanywa kwa ajili ya BAKITA mwaka 1977 kuhusu haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu, ulionyesha upande wa pili: wanafunzi waliokaa kimya katika vipindi vya Kiingereza walichangamka mara mwalimu alipogeukia Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Siasa ya chama kimoja haikuweza tena kuwa somo la shule za umma. Ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa somo la Uraia, ambalo katika sekondari lilifundishwa kwa Kiingereza. Uamuzi huu ulipita kama suala la ratiba. Uzito wake huonekana ukitazamwa pamoja na tarehe yake. Kwa miaka ishirini na zaidi wanafunzi walikuwa na lugha ya kujadili mambo ya nchi bila kuwa na uhuru wa kutofautiana. Uhuru wa kutofautiana ulipokuja, darasa likanyang'anywa lugha.

Wanaotetea Kiingereza husema kwamba habari za dunia zimo katika lugha hiyo, na kwamba kijana wa Mkolani asifungiwe ndani ya Tanzania. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tatizo lake ni kudhani kwamba kubadili lugha ni kubadili chombo tu, na maji yakabaki yaleyale. Neno ubinafsishaji linatosha kuonyesha sivyo. Mashirika ya umma yalipouzwa katika miaka hiyo, neno hilo lilibeba ndani yake ubinafsi, tabia ambayo malezi ya Kiswahili huilaani. Msomaji wa gazeti aliingia katika mjadala akiwa tayari na shaka, na mtetezi wa sera alilazimika kuijibu shaka hiyo. Neno la Kiingereza lililokuwa katika kitabu cha Uraia halikubeba lawama hiyo. Mwanafunzi aliweza kulifafanua vizuri kabisa katika mtihani, asitambue kwamba ndilo lile ambalo baba yake alikuwa akilibishia jana jioni.

Mfano wa pili unatoka Mwanza kwenyewe. Viwanda vya samaki vilivyokua kandokando ya ziwa viliwapasua sangara, vikapeleka minofu Ulaya, na vichwa pamoja na mifupa vikabaki kwa wenyeji, vikakaushwa, vikakaangwa, vikauzwa. Mabaki hayo yaliitwa mapanki. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu yake Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, akiyaonyesha mapanki kama chakula cha maskini huku ndege zikiondoka na minofu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani kwamba inaichafua nchi, na Mwanza kukafanyika maandamano ya kuipinga. Kwa majuma kadhaa neno moja la mtaani likawa neno la taifa. Kila aliyelitamka alikuwa anachukua msimamo: je, mapanki ni chakula au ni taka? Je, aibu ni ya anayeyala, ya aliyempiga picha, au ya utaratibu wa biashara uliomwachia mifupa? Tena haya yalikuwa mambo ya uraia hasa: mali ya asili, biashara ya nje, heshima ya nchi, haki ya kusema. Kijana aliyeishi karibu na viwanda hivyo alikuwa na ujuzi ambao Waziri hakuwa nao. Lakini katika kipindi cha Uraia angelazimika kwanza kulitafutia mapanki neno la Kiingereza, na angepata maelezo tu, si neno. Mwenye kutafuta neno hajibishani. Husubiri wenzake, na kengele hulia.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, ingawa sekondari ziliendelea na Kiingereza. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo muhtasari wake wa sekondari umeandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Siasa iondolewe, kuna kipindi cha sekondari ambamo mambo ya nchi yanaweza kuzungumzwa kwa lugha inayoyaleta. Mwalimu akiuliza kwa nini minofu ilisafiri na mifupa ikabaki, hatamlazimisha mwanafunzi kutafuta jina jingine la mapanki. Kama mwanafunzi huyo ataruhusiwa kutoa jibu ambalo halikuandikwa katika kiongozi cha mwalimu, hilo muhtasari haulisemi, na wala watunga mitihani hawajaulizwa.