Mpokeaji wa Tatu: Kahawa ya Ruiru na Mikataba ya Sampuli

Wapo wanaoshikilia kwamba chuo kikuu cha Kenya kisitoe sampuli wala data kwa mtu wa nje kabla ya asilimia ya mgawo wa faida kuandikwa. Ushahidi wao mkuu ni Ziwa Bogoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliohusishwa na Chuo Kikuu cha Leicester walikusanya humo bakteria wanaostahimili magadi. Vimeng'enya vya bakteria hao vikaifikia kampuni ya Genencor ya Marekani, vikaingia katika biashara ya sabuni na ya kufifisha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likadai fungu lake hadharani.

Dai lilikuwa halali, ila funzo linalotolewa kutokana nalo ni potofu. Pale ziwani hakuna aliyejua thamani ya tope lile, kwa hiyo asilimia yoyote ingekuwa ya kubahatisha. Shida ilianza sampuli zilipotoka kwa watafiti kwenda kwa mfanyabiashara, yaani mpokeaji wa tatu, na wajibu kwa Kenya haukufuatana nazo.

Hakuna haja ya kwenda mbali kuona upande wa pili. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, baada ya ugonjwa wa chulebuni kuteketeza mazao mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu walianza kuzalisha chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985: Ruiru 11. Mama yake ni Catimor iliyoletwa kutoka Kolombia. Catimor nayo ina damu ya mbuni chotara uliojizalisha wenyewe kisiwani Timor, ambao vizazi vyake vilipitia kituo cha utafiti wa kutu ya kahawa cha Oeiras, Ureno. Upande wa baba kuna Rume Sudan, kutoka nyanda za Boma, leo Sudan Kusini. SL28, aina ya kahawa yetu wenyewe, yenye ladha inayosifiwa mno, haikuwa na kinga ya kutosha. Kama kila mtoaji angedai asilimia kabla ya kufungua kifuko cha mbegu, mkulima wa Kiambu angeendelea kununua dawa ya shaba msimu baada ya msimu. Hapo mpokeaji wa tatu tulikuwa sisi.

Mtu atauliza Timor ilipata nini. Swali ni la haki, na linaunga mkono hoja yangu: mkataba uruhusu sampuli kusafiri, lakini kila mpokeaji afungwe na masharti yaleyale, amjulishe mtoaji wa kwanza, na arudi mezani bidhaa inapozaliwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki tayari zinadai mkataba kabla ya sampuli kuvuka mpaka. Zinachoshindwa kukamata ni data. Mpangilio wa jenomu wa mbuni hautumwi kwa posta, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda watu, si mimea. Mfuko wa Cali, wa kimataifa, uliozinduliwa Februari 2025 kupokea malipo ya wanaofaidika na data kama hizo, unategemea michango ya hiari ya makampuni.

Ndiyo maana napendekeza chuo kikuu cha JKUAT kule Juja na kituo cha Ruiru viwe na rejesta moja ya wapokeaji, wa sampuli na wa data. Yaelekea itafanikisha mengi kuliko asilimia yoyote, hata kama kuisimamia kutahitaji karani wa kudumu ambaye bajeti za utafiti kwa kawaida hazimtaji.