Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi

Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ni upimaji wa wanawake wasio na dalili, ili seli zilizoanza kubadilika zigunduliwe kabla hazijawa saratani. Karibu wagonjwa wote huwa waliambukizwa virusi vya HPV kwa kujamiiana. Kwa kawaida mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Anayesubiri kutokwa damu ndipo apimwe, mara nyingi amechelewa.

Historia

George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York, alianza kwa kuchunguza majimaji ya uke wa simbilisi. Alipogeukia binadamu, mkewe Andromache alikuwa miongoni mwa waliojitolea, naye aliendelea kupimwa kwa miaka mingi. Mwaka 1928 Papanicolaou alieleza kwamba seli za saratani huonekana katika majimaji hayo, lakini wenzake hawakumjali. Mwaka huohuo Aurel Babeș wa Romania alichapisha ugunduzi unaofanana. Makala ya Papanicolaou na Herbert Traut ya mwaka 1941 ndiyo iliyowashawishi madaktari, na kipimo kikaitwa Pap. Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyethibitisha uhusiano wa HPV na saratani hii, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Njia za upimaji

Kipimo cha Pap huhitaji maabara na wataalamu wa kusoma seli, ambao ni adimu nje ya miji mikubwa. Kwa hiyo vituo vingi vya Afrika Mashariki hutumia siki: muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu hutoka papo hapo, na doa dogo huweza kuondolewa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Udhaifu wa njia hii ni kutegemea jicho la mpimaji. Kipimo cha vinasaba vya HPV ni sahihi zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe.

Chanjo

Rwanda ilianza kutoa chanjo ya HPV mwaka 2011, Tanzania nchi nzima 2018, Kenya 2019. Aliyechanjwa bado anatakiwa kupimwa.

Hali ya sasa

Wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshaenea. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na umri wa miaka 35, na tena 45.