Imani ya Walaji au Matumaini ya Kaya?

Gazeti likiandika kwamba "imani ya walaji" wa Marekani imeshuka, msomaji wa Kabanga, pale mpakani Ngara, ana haki ya kuuliza mlaji huyo ni nani. Katika vitabu vya kodi, mlaji wa mwisho ni mnunuzi. Kabanga, ndizi iliyo chunguni mara nyingi imetoka kwenye shamba la anayeila, na mnyauko ukiingia migombani humpiga mtu huyohuyo mara mbili, kama mkulima na kama mlaji.

Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikiwahoji Wamarekani tangu miaka ya 1940: mna nafuu kuliko mwaka jana? Mwakani mnauonaje? Je, huu ni wakati mzuri wa kununua vyombo vikubwa vya nyumbani? Majibu hugeuzwa kuwa namba, mwaka 1966 ukihesabiwa kuwa 100. Juni 2022 namba ilianguka hadi 50, ingawa wasio na ajira walikuwa asilimia 3.6 tu, kwa kuwa bei zilikuwa zimepanda asilimia 9.1 ndani ya mwaka. Wanachoulizwa watu hawa ni matumaini, na kila mmoja hujibu akiitazama nyumba yake. Ndiyo maana, badala ya "imani ya walaji", nashikilia "matumaini ya kaya". Kaya ni neno lililokwisha kuzoeleka hadi vijijini, hasa tangu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipoanza kunusuru kaya maskini mwaka 2012.

Wananchi nao hawakusubiri Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liwaundie maneno ya uchumi. Enzi za Rais Mkapa, kukosa fedha kuliitwa ukapa. Enzi za Magufuli, vyuma vikakaza. Nayapenda maneno haya kwa ukali wake, ila yanazungumza kana kwamba vyuma hukaza kwa wote sawasawa. Kuueleza uchumi unaowagawa watu, tangu 2020 Wamarekani hutumia herufi K, mkono mmoja ukienda juu na mwingine chini. Sisi tuna panda, pale tawi au njia inapogawanyika, kama Benaco barabara inapoachana, moja ikienda Rusumo na nyingine Kabanga. "Uchumi wa panda" ungeeleweka bila herufi ya kuazima.

Na Kabanga panda hiyo ipo. Nikeli yake imejulikana tangu miaka ya 1970, na Januari 2021 serikali ilisaini mkataba uliozaa Tembo Nickel, ikiwa na hisa za asilimia 16. Mwenye nyumba ya wageni mpakani hutegemea malori yaendayo Burundi kupitia Kobero. Jirani aliye nje ya eneo la mgodi ana shamba, fedha hana. Kaya iliyolipwa fidia ili kupisha mgodi ina fedha, shamba limekwenda. Ikiulizwa kuhusu mwaka jana, itajibu kwamba ina nafuu. Ikiulizwa kuhusu mwakani, huenda ikanyamaza. Kipato hutarajiwa tena msimu ujao, ilhali fidia ni bei ya kitu kilichokwisha kuondoka. Dodoso likiiandika fidia hiyo kwenye safu ya mapato, kaya hiyo itahesabiwa miongoni mwa waliopanda.